Njoo Jikoni Mara Moja

Shemeji yangu hakuwa anampiga dada mbele za watu. Aliona ni aibu. Alikuwa mtu wa kujiheshimu, fundi friji anayesifiwa mtaa mzima, na mcheshi kiasi kwamba akiingia nyumbani kwa watu kutengeneza friji anawaacha wamecheka mpaka wanafuta machozi. Akiudhika alishusha sauti. Alimwambia dada, "Mama Kipipi, hebu njoo jikoni mara moja," kama mtu anayetaka kuuliza chumvi iko wapi. Dada alinyanyuka. Mlango wa jikoni ulifungwa taratibu, bila kubamizwa. Mama mkwe wake, ambaye siku nzima alikaa sebuleni karibu na redio, alinyoosha mkono akaongeza sauti.

Mimi nilikuwa hapohapo sebuleni, nakunja nguo au namlisha Kipipi. Nilikuja nyumba ile Kipipi alipozaliwa, nikiwa darasa la tano, nimsaidie dada mpaka apate nguvu, na shule sikurudi tena. Shemeji ndiye aliyeniita Bubu. "Huyu shemeji yangu ukimkanyaga mguu atakuomba msamaha kwa macho," aliwaambia wageni, na mimi nilicheka pamoja nao kwa sababu ilikuwa kweli.

Chumbani kwao hakuthubutu. Dirisha la chumba chao lilitazama ujia ambapo majirani walifulia, na ukikohoa tu mle ndani, kuna mtu huku nje anakupa pole. Jikoni ndiko kulikokuwa kimya. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Marehemu mumewe aliijenga enzi walipopikia mkaa, akalitenga jiko kwa ukuta wa tofali na mlango wa mbao nzito ili moshi usiingie sebuleni. Dirisha la jikoni lilikuwa dogo, lenye nondo, linatazama tangi la maji. Sisi tulipikia gesi. Moshi haukuwepo tena, ukuta ulibaki.

Siku moja tunaosha vyombo, dada akaniambia bila kugeuka, "Nataka huu ukuta uvunjwe."

"Upi?"

"Huu. Jiko na sebule viwe kitu kimoja, kama kwenye nyumba za wateja wake." Akasugua sufuria iliyokwisha takata. "Fikiri wewe mwenyewe. Mlango usipokuwepo, atanipigia wapi?"

Nikasuuza kikombe.

"Mbele ya mama yake hawezi," akasema. "Mama yake ndiye mtu pekee anayemwonea haya. Yule bibi hajawahi kuona. Anasikia, sawa. Lakini kusikia mtu anaweza kusema hakusikia. Akiona atasemaje?"

Nilitaka kumwambia kwamba niliogopa. Nikachukua kitambaa, nikakausha sahani.

Kwa shemeji hakuianza habari hiyo kama ombi. Alimsubiri arudi na hadithi zake za majumba aliyoingia, akamwuliza, "Na jiko lao likoje?" Shemeji akaeleza kwa mikono: kaunta ya marumaru, mama anakata vitunguu huku anaongea na wageni, hakuna ukuta, hewa inatembea. Dada akasema, "Sisi tutabaki na jiko kama stoo mpaka lini?" Akaacha. Baada ya muda shemeji akaanza kusema maneno hayohayo kama yake.

Mama mkwe alikataa katakata.

"Vitunguu vitanuka mpaka kwenye makochi," alisema. "Samaki je? Mgeni aje akae hapa anatazama masufuria yangu yaliyoungua?"

"Mama, mgeni anayekuja kutazama masufuria huyo ana njaa, apewe chakula," shemeji akajibu.

"Cheka tu. Na mimi nikitaka kuonja nyama kabla ya watu, nikaonjee wapi? Chooni?"

Shemeji alicheka akapiga goti lake. Hata dada alicheka. Bibi yeye hakucheka. Alimtazama dada, akasema polepole, "Kuna mambo ya jikoni, mkwe wangu, yanakaa vizuri jikoni."

"Mambo gani, mama?" dada akauliza.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimjibu bibi kwa swali. Bibi akageukia redio, akatafuta stesheni ambayo hakuitaka. Shemeji alijitazama kucha. Kisha akasema kwa furaha kubwa mno, "Haya! Tumwite fundi, atuambie kama nyumba itatuangukia."

Fundi mwashi alikuwa mzee mwembamba asiyefunga kinywa. Alipita akiugonga ukuta kwa mpini wa nyundo, sikio limekaribia kama daktari. "Huu haubebi kitu," akasema. "Dari haliujui, paa haliujui. Umesimama kwa mazoea tu. Mama Kipipi, unataka nitoe wote au nikuachie kipande cha kuwekea maua?"

"Wote," dada alisema.

"Na mlango?"

"Mlango uende kabisa. Usiuweke stoo."

Walivunja kwa nyundo na tindo. Vumbi liliingia kwenye unga, kwenye vitanda, kwenye nywele za Kipipi. Bibi alijifunika mtandio uso mzima, akakaa palepale kwenye kiti chake, akikohoa kwa makusudi. Vumbi lilipotua, nyumba ikawa kubwa na ngeni. Kutoka mlango wa mbele uliona moja kwa moja mpaka kwenye sinki. Mahali ukuta ulipokuwa sakafu ilibaki na mchirizi wa saruji wa rangi tofauti, na Kipipi aliurukaruka akiimba.

Tulikaa vizuri. Siwezi kusema hatukukaa vizuri. Shemeji alileta wenzake wa kazini, akasimama kwenye kaunta mpya akimenya vitunguu mwenyewe, akilia machozi na kuwachekesha. "Mnaona ninavyoteseka na ndoa?" aliwauliza. Wakamwambia dada amepata mume. Akiudhika alivuta pumzi, akamtazama mama yake aliyekaa pale, akatoka nje kutembea. Alama za mkononi mwa dada zikapotea. Alianza kuvaa mikono mifupi. Nilimsikia akiimba anapochuja mchele, na sauti yake ya kuimba sikuwa nimeisikia tangu tuko kwa wazazi. Aliniminya shavu akasema, "Umeona, Bubu?" Likitoka kwake jina hilo halikuniuma.

Bibi peke yake ndiye hakutulia. Alilalamikia mvuke, alilalamikia harufu ya sabuni, alikisogeza kiti huku na huku kama mtu anayetafuta pa kutopigwa na upepo. Nadhani hakuwa akitafuta upepo. Popote alipokiweka, aliliona jiko.

Ikaja Jumapili moja mchana. Shemeji aliharibu friji ya mteja, kitu ambacho hakikuwahi kumpata. Aliunganisha waya vibaya, mota ikaungua, na yule mteja alimtukana mbele ya watoto wake. Alirudi na yote hayo. Tulikuwa tunakula. Dada alimwuliza kama amwongezee mchuzi, na yeye akaweka kijiko chini, akashusha sauti.

"Mama Kipipi, hebu njoo jikoni mara moja."

Akasimama. Akapiga hatua kuelekea mahali mlango ulipokuwa, na mkono wake ukanyooka kushika kitasa. Hapakuwa na kitasa. Mkono ulibaki hewani. Sisi sote tuliuona.

Dada alitabasamu. Sidhani kama alikusudia. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyebeba mzigo mbali akautua. Lakini alitabasamu, na shemeji aliliona lile tabasamu, na nikamwona anaelewa ukuta ulivunjwa kwa nini.

Alimpiga palepale, kati ya kochi na kaunta. Sikuwa najua ni kitu chenye kelele kiasi kile. Kumbe jikoni alikuwa anajizuia, kwa sababu ya sisi wa upande wa pili. Dada hakulia. Alimtazama bibi, akaita, "Mama! Mama, unaona?"

Bibi alikuwa ameshika sahani yake kwa mikono miwili. Akasema, "Ulitaka tuone. Haya, tumeona."

Akainuka, akakigeuza kiti kikatazama dirisha, akakaa.

Mimi nilisimama nikiwa na kijiko mkononi. Sikusogea. Aliyesogea ni Kipipi. Alishuka kwenye kochi kwa tumbo kama kawaida yake, akaenda mpaka kwenye redio, akanyoosha mkono, akaongeza sauti. Kisha akarudi akaketi, akaendelea kula.

Baada ya siku ile shemeji hakuita tena mtu jikoni. Hakukuwa na haja. Kilichokuwa kinafichwa kilikwisha onekana, na dunia haikuanguka. Mama yake aliona, akala chakula chake. Basi akampiga kwenye kochi, akampiga mbele ya runinga, mara nyingine kwa kibao kimoja tu akiwa anapita, kama mtu anayezima taa. Dada alirudi kwenye mikono mirefu.

"Nilikosea," aliniambia tukianika nguo. "Nilidhani aibu iko machoni pa watu. Lakini si hilo. Ulimwona Kipipi?"

"Nilimwona."

"Alikwenda kwenye redio."

"Nilimwona, dada."

"Sitaki akue anaona. Afadhali asikie." Akajisikia mwenyewe alichosema, akakung'uta shuka kwa nguvu mpaka maji yakanirukia.

Jambo la ajabu ni kwamba bibi naye alitaka hivyohivyo. Siku hiyohiyo jioni alimwambia mwanawe, "Nirudishie ukuta wangu. Nyumba ni yangu, siwezi kula natazamana na sinki." Hakusema kitu kingine. Dada akasema naye anaona hivyo. Shemeji aliwatazama mmoja mmoja, akacheka kicheko chake cha kwa wateja. "Wanawake! Vunja, jenga, vunja, jenga. Haya, mmeshinda. Mkitaka na mnara mseme mapema."

Fundi akaja tena na tofali zake. "Nyumba hii inanipa kazi kama ofisi," alianza kusema mlangoni, na dada akageuka kumpokea ndoo. Fundi aliona upande wa uso wake uliovimba. Utani ulimkauka. Alijenga kwa siku kadhaa akinyamaza, akipima kwa pima maji kila mstari, akapiga lipu pande zote mbili. Mlango aliuleta mwenyewe kutoka jengo walilolibomoa mahali fulani, wa mbao nene kuliko za ule wa zamani. Siku ya kuufunga shemeji alikuwa kazini, bibi amelala chumbani kwake.

"Komeo nikuwekee upande gani?" fundi akamwuliza dada.

"Ndani."

"Jikoni watu huweka nje. Kuzuia paka."

"Weka ndani, fundi."

Fundi alikuna kidevu. "Dogo au kubwa?"

"Kubwa kuliko yote uliyonayo."

Alitafuta kwenye mfuko wake wa vyombo, akatoa la chuma, zito, la mlango wa ghala. Alilifunga kwa skrubu ndefu zilizozama mpaka kwenye tofali. Kisha akatuambia tuingie ndani tulivute, na yeye akabaki upande wa sebuleni. Tulimsikia akirudi nyuma, halafu akaupiga mlango kwa bega, kwa uzito wake wote, zaidi ya mara moja. Mlango haukutikisika. Tulipofungua alikuwa anajisugua bega. "Haya, mwanangu," alimwambia dada, na akaenda zake bila kunywa chai.

Haikuchukua muda. Siku hiyohiyo, jua halijazama, dada alikuwa anapika maharage, mimi nakata mboga, Kipipi yuko chini anacheza na vifuniko. Tukasikia mlango wa mbele, tukasikia viatu, na kwa namna vilivyokanyaga tukajua. Halafu ile sauti ya chini, ambayo hatukuwa tumeisikia tangu ukuta uvunjwe, kana kwamba ukuta ulirudi nayo.

"Mama Kipipi, hebu njoo jikoni mara moja."

"Niko jikoni tayari," dada alisema. Akausukuma mlango, akavuta komeo.

Kwanza shemeji alicheka. "Fungua, usinichekeshe." Akatikisa kitasa. Akasema atahesabu, hakuhesabu. Kisha akapiga teke. Vifuniko vya Kipipi vililia sakafuni. Akapiga tena na tena, na dada akasimama katikati ya jiko akilitazama lile komeo kama mtu anayetazama mtoto wake akitembea kwa mara ya kwanza. Lilishika.

Mateke yakakoma. Tukamsikia bibi, sauti ya kubembeleza: "Mwanangu, keti kwanza. Umetoka kazini, umechoka..."

"Wewe ndiye uliyeutaka!" shemeji akapaza sauti, akamwiga. "Nirudishie ukuta, nirudishie ukuta! Nyumba yangu, nyumba yangu! Haya, ukuta wako huo!"

Kitu kikaanguka. Kikafuatia kitu kingine, kizito na laini, na bibi akapiga kelele, "Mkono wangu! Mama wee, mkono wangu!" Kisha, karibu kabisa na mlango, akigonga kwa kiganja: "Mkwe wangu, nifungulie! Nifungulie, anakuja!"

Dada hakusogea. Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, ameinamisha kichwa kidogo. Alikuwa anasikiliza. Maharage yalichemka yakafurika, yakamwagikia moto, na hakuna aliyeyashughulikia.

"Bibi analia," Kipipi akasema.

Dada akashtuka kama mtu aliyeamshwa. Alisukuma komeo, akafungua kiasi cha kupitisha mkono, akamshika bibi nguo ya kifuani, akamburura ndani, akafunga. Teke lilifika mlango umekwisha fungwa.

Bibi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameukumbatia mkono wake. Mtandio ulikuwa umemdondoka na nywele zake nyeupe zilisimama. Nilimpa maji. Meno yaligonga kikombe.

Dada akachuchumaa mbele yake. Alisema kwa upole, sijui aliutoa wapi upole ule. "Mama. Nyumba ni yako. Si yake, si yangu. Mwambie atoke. Neno moja tu, mama, mimi nitasimama na wewe. Mwambie atoke kwenye nyumba yako."

Bibi alimtazama muda mrefu. Alilamba midomo. Aligeuza uso kuuelekea mlango, akakaa sawasawa, nami nikamwona mwenye nyumba, mwanamke aliyewahi kusimamia mafundi na kuwafukuza wachelewaji. Dada aliushika mkono wake mzima.

"Mwanangu," bibi akaita.

"Naam, mama," shemeji alijibu. Sauti ilikuwa laini, ya mtoto.

Bibi akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua.

"Una njaa?"

Dada aliuachia ule mkono. Alibaki amechuchumaa akitazama sakafu.

"Nina njaa, mama," sauti ya upande wa pili ikasema. "Tangu asubuhi sijala."

Bibi alianza kuinuka, macho yake yakiwa kwenye komeo. Ndipo niliposikia mtu anasema, "Chakula hakuna." Nilikuwa mimi. Sufuria ilikuwa imejaa juu ya moto. "Hakuna, shemeji. Kimekwisha."

Shemeji akacheka, kicheko cha kweli, cha kuwachekesha watu. "Bubu? Ni Bubu huyo? Kumbe anaongea!" Tukasikia anaokota kitu, anajikung'uta suruali. "Haya, mabibi. Nitakula mbele ya safari." Mlango wa mbele ukafungwa taratibu, bila kubamizwa.

Dada alizima gesi. Alimfunga Kipipi mgongoni, na Kipipi alikuwa mkubwa mno kwa kubebwa hivyo, miguu ikaning'inia. Akasukuma komeo, akafungua. Sebuleni meza ilikuwa imelala ubavu. Hatukuchukua kitu, kuingia chumbani kungekuwa kukaa, na kukaa kungekuwa kufikiri.

"Mnaniacha na nani?" bibi aliuliza kutoka jikoni. Hakuwa ametoka. Alisimama karibu na sufuria na alikuwa ameshachukua upawa.

Dada akarudi mpaka mlangoni. "Njoo twende, mama."

"Akirudi atakuta nini?" bibi akasema. "Hajala tangu asubuhi."

Dada alimwonyesha komeo. Alilisukuma, akalivuta, polepole, ili aone. "Linaenda hivi," akasema. "Ukisikia anashusha sauti, livute kabla hajamaliza kusema."

Nje kulikuwa bado na mwanga. Watu walikuwa wamekaa vibarazani, wanaosha magari, wanaita watoto. Walitusalimu. Dada aliitikia kila salamu, nzuri, nzuri, za kwenu, huku upande mmoja wa uso wake umevimba tangu jana, na kila mmoja aliuona, na kila mmoja akatuuliza tunatembea tunakwenda wapi jioni hii. "Tunanyoosha miguu," dada alisema. Jirani mmoja, yule wa dirisha la ujia, alisema tu, "Pole," akarudi kwenye nguo zake.

Tulitembea mpaka barabara kubwa. Kipipi alikuwa amelala. Dada alisimama pembeni, akaangalia upande huu, akaangalia upande ule, magari yakatupita na vumbi lao. Kisha akanigeukia.

"Tunakwenda wapi?" akaniuliza.

Mimi nilikuwa namfuata yeye. Nilidhani anajua.